Mwongozo kamili: hatua saba za kuwalinda ndege wa porini katika mitaa ya Kisumu na Nakuru

Kila mvua ndefu zikianza, vikundi vya mitaa hupanda miche, hutundika vibakuli vya nafaka mitini na kupiga picha za pamoja. Mwaka ukipita, miche imekauka au imeliwa na mbuzi, na kwenye vibakuli kuna kunguru watupu. Wasomaji huandika wakiuliza wamekosea wapi. Karibu kila mara kosa ni moja: wameanzia mwisho.

Ndege wa porini hawahitaji kuletwa mjini, kwa kuwa wamo tayari. Kinachowamaliza ni mti kukatwa wakiwa na makinda, sumu ya panya, nyuzi za nyavu zilizotupwa na kingo za mito zilizolimwa hadi majini. Kwa hiyo kwanza hesabuni, kisha lindeni kilichopo, kisha ondoeni kinachoua. Kupanda kunakuja baadaye sana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kikundi cha watu kama kumi: chama cha wakazi, shule, kanisa, msikiti au kikundi cha vijana. Ukiwa peke yako, hatua ya 1, ya 3 na ya 6 unaweza kuzianza kesho bila kumngoja mtu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari gumu na penseli. Wino huyeyuka daftari likinyeshewa.
- Darubini moja au mbili za kikundi. Za 8x42 au 8x32 zinatosha, na zenye nguvu zaidi hutikisika mkononi.
- Simu yenye kamera na ramani ya mtaa mliyoichora wenyewe: barabara, mito, mitaro, miti mikubwa.
- Kamba ya mita 30 yenye fundo kila mita, na futi ya fundi cherehani ya kupimia vigogo.
- Rangi ya maji na brashi ndogo. Misumari hapana.
- Buti za mpira, glavu nzito, magunia, makasi makali na kitambaa kikuukuu kikubwa.
- Jembe, mbolea ya samadi iliyooza, matawi ya miiba au wavu wa kuzuia mbuzi.
- Saruji na mchanga kidogo kwa ajili ya birika.
- Ruhusa. Zungumzeni na chifu, msimamizi wa wadi na wenye ardhi. Kama mko ziwani, zungumzeni pia na kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU. Bila hawa, kazi ya miezi sita huvunjwa kwa asubuhi moja.

## Hatua ya 1: Hesabuni ndege kabla ya kugusa chochote

Chagueni njia moja ya kutembea kwa saa nzima bila haraka: ipite kwenye miti mikubwa, karibu na maji na penye takataka. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa nne jua limekuwa kali, ndege wamejificha majanini, na hesabu yenu itadanganya.

Daftari liwe na safu nne: ndege gani, wangapi, wapi, na anafanya nini. Safu ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ndege aliyebeba nyasi anakuonyesha kiota kinakojengwa. Aliyebeba mdudu mdomoni bila kummeza ana makinda karibu. Msipomjua ndege, andikeni alivyo, "mdogo, kahawia, mkia mrefu", na mpige picha. Msibahatishe jina.

Rudieni mara mbili kwa mwezi, njia ile ile, saa ile ile. Mkiweza, fikeni hadi Oktoba au zaidi, kwa sababu wageni kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo mbayuwayu, huingia kuanzia Septemba na kuondoka kufikia Aprili. Hesabu ya Juni pekee haiwaoni kabisa.

Tumeni matokeo kwenye Kenya Bird Map au eBird, mitandao inayokusanya taarifa za ndege. Kenya Bird Map hugawa nchi katika vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili hutaka angalau saa mbili za kutazama, kwa hiyo matembezi ya saa moja peke yake hayatoshi. Daftari lililofungiwa kabatini halimsaidii ndege siku mtaalamu wa mazingira akija kuandika ripoti kuhusu jengo jipya na kukuta eneo lenu halina taarifa yoyote.

Mmefaulu hatua hii mkiweza kutaja, bila kufungua daftari, miti mitano ambayo ndege huitegemea mtaani kwenu.

## Hatua ya 2: Lindeni miti mikubwa na viota vilivyomo

Hapa ndipo ndege wengi wa mjini huokolewa au hupotea, na ndipo vikundi vingi hupita mbio kwa kuwa hakuna picha nzuri ya kupiga.

Chukueni mkuyu mmoja uliokomaa, ule ambao Wajaluo huuita ng'owo. Mikuyu ya eneo moja haizai yote kwa wakati mmoja. Huu ukimaliza, ule wa ng'ambo ya barabara unaanza. Ndiyo maana shore, kuzumburu na zuwakulu hupata matunda hata katika miezi ambayo mashamba ni makavu. Ukikatwa mmoja, ratiba hiyo inatobolewa, na miche mia uliyopanda kufidia haitazaa tunda kwa miaka mingi.

Mti uliokufa nao una kazi. Kigogota hutoboa shimo, akilihama anaingia kwezi au ndege mwingine asiyeweza kutoboa. Kama mti huo unaning'inia juu ya njia, kateni matawi yanayotishia watu, muache kigogo cha mita tatu au nne kisimame.

Fanyeni hivi:

1. Peni kila mti mkubwa namba. Iandikeni ndogo, kwa rangi, usawa wa kifua. Msumari hujeruhi mti na kuruhusu uozo.
2. Andikeni aina ya mti, mzingo wa kigogo kwenye urefu wa mita 1.3, idadi ya viota na jina la mwenye ardhi.
3. Kubalianeni na mwenye ardhi kwamba atawaita kabla ya kukata au kupogoa.
4. Kabla ya panga kuguswa, mtu mmoja autazame mti nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Akiona ndege mzima akileta nyasi au chakula, kazi inangoja.

Ingoje hadi lini? Ndege wadogo wengi humaliza kutoka yai hadi kuruka kwa wiki nne au tano. Kwarara hijani, yule mwenye kelele za alfajiri, huchukua takriban miezi miwili. Korongo mfukoshingo huchukua zaidi ya miezi minne. Mjue mna ndege gani kabla ya kumtajia mwenye mti tarehe. Msitegemee kalenda pekee pia: wengi hutaga mvua zikianza Machi na Aprili, lakini mfukoshingo mara nyingi hulea makinda wakati wa kiangazi, wakati ambao wapogoaji hudhani miti ni mitupu.

Malalamiko makubwa yatakuwa ya kinyesi, na yana haki yake. Mama mboga aliyechafuliwa nyanya hana sababu ya kuwapenda korongo. Basi sogezeni kibanda chake mita chache kabla ya msimu wa viota, au mumwekee paa la mabati, na mpange zamu ya kufagia. Ni rahisi kuliko kuajiri mtu wa msumeno, na mnapata rafiki wa kuulinda mti mchana kutwa.

Onyo: msipande mtini kuondoa viota, mayai au makinda. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inawahusu ndege pia. Kukiwa na hatari ya kweli, waiteni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kinda mwenye manyoya akianguka, mwekeni kwenye tawi la karibu ambalo paka halifikii, muondoke. Wazazi huendelea kumlisha. Msimpe maziwa wala ugali.

Ishara kwamba mambo yameshika: mwenye mti anawapigia simu yeye mwenyewe kabla ya kumwita fundi wa msumeno.

## Hatua ya 3: Ondoeni vinavyoua

Sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea amelewa mahali pa wazi, na hapo ndipo bundi au mwewe humnyakua. Bundi mmoja huondoa panya usiku kucha bila malipo, nasi tunamlipa kwa sumu. Tumieni mitego, zibeni mashimo ya ghala, funikeni takataka. Ndiyo, wapo watakaosema bundi ni mkosi. Msibishane nao. Waonyesheni mifupa ya panya iliyomo kwenye matapishi makavu ya bundi chini ya mti anapolala.

Sumu za shambani. Kule Bunyala, kaunti ya Busia, wawindaji walitia konokono kabofurani, dawa ya wadudu, wakawategea korongo domo-wazi katika mashamba ya mpunga, kisha nyama ikauzwa kwa watu. Katika mpunga wa Kisumu, dawa hunyunyiziwa kwelea-kwelea, na ndege wengine walao waliokufa huweza kudhurika. Mkiona zaidi ya ndege mmoja amekufa mahali pamoja, msishike kwa mikono mitupu wala kumpa mbwa. Pigeni picha, wekeni alama mahali pale, mwarifu KWS na ofisi ya mifugo ya kaunti siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa ugonjwa.

Nyavu na nyuzi za nailoni. Wekeni pipa lenye mfuniko kwenye ufuo mashua zinapoegesha, na mkubaliane na BMU nani analimwaga. Mkimkuta ndege amenaswa, mfunikeni kichwa na mwili kwa kile kitambaa. Gizani hutulia. Mshikaji wa kwanza adhibiti kichwa, kwa sababu yangeyange na koikoi hudunga machoni. Wa pili akate uzi kwa makasi, kipande kwa kipande. Msiuvute: uzi uliozama kwenye ngozi ya mguu hukata nyama hadi mfupa. Kagueni pia chini ya bawa, kwani mara nyingi uzi wa pili hubaki huko.

Vioo na paka. Kwenye majengo yenye vioo vikubwa, wekeni alama upande wa nje, zisiachane zaidi ya sentimita 5. Picha moja ya mwewe katikati ya dirisha haisaidii, ndege hupita pembeni yake na kugonga. Paka afungiwe ndani tangu jioni hadi jua litoke.

## Hatua ya 4: Rudisheni ukingo wa maji

Kwa Kisumu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Mto Auji unapita Nyalenda na kuelekea kwenye mafunjo ya Dunga. Katika mafunjo hayo anaishi ndege ambaye wataalamu humwita *Laniarius mufumbiri*: mgongo mweusi, tumbo jekundu kama damu, utosi wa manjano. Ni nadra kumkuta nje ya mafunjo. Yakifyekwa, hahamii kwenye ua wa nyumba. Anapotea.

Pimeni kwa kamba kutoka alama ya juu ya mafuriko. Kanuni za mazingira za Kenya hutaja ukingo wa kati ya mita 6 na mita 30 usiolimwa wala kujengwa. Msianze kwa kuwafukuza wakulima. Anzeni na vipande ambavyo havilimwi, viacheni vipumzike, na mwombe anayelima aache mita 6 za kwanza tu. Nyasi na matete hurudi zenyewe.

Mafunjo yana wenyewe wanaoyavuna kwa mikeka na vikapu, na uvunaji si adui. Gaweni eneo katika vipande, mvune kimoja na kuacha vingine virefu, mkipokezana. Kabla ya kuvuna, mtu apite akisikiliza. Sauti mbili zinazojibizana ndani ya mafunjo yale yale asubuhi baada ya asubuhi zinaashiria jozi yenye makazi, basi kipande hicho kiachwe hadi zamu ijayo. Moto hapana kabisa, kwa kuwa hauchagui kiota.

Nakuru hali ni tofauti. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kila chupa na kila mafuta yanayosombwa na mitaro ya mvua kutoka mjini yanaishia humo na kubaki humo. Kwa hiyo kazi ya mtaa wa Nakuru ni mtaro: wekeni wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 5 hivi mahali panapofikika, na muusafishe kila baada ya mvua. Wavu usiosafishwa huziba na kufurisha nyumba za watu, kwa hiyo msiuweke kabla ya kupanga zamu na kupata idhini ya kaunti.

Onyo: vaeni buti, msiingie majini Kisumu, kichocho kipo. Kiboko hutoka kula jioni, basi kazi ya ufuoni iishe kabla ya saa kumi na moja. Nakuru, uzio wa hifadhi ya Ziwa Nakuru ndio mpaka wenu, ndani ni kazi ya KWS.

Mkianza kuona kwera wakining'iniza viota kwenye matete yaliyorudi, mmefanikiwa.

## Hatua ya 5: Sasa pandeni, lakini michache

Miche ishirini inayonyweshwa ni bora kuliko mia mbili ya sherehe. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu mita 1,850, kwa hiyo msiigane orodha.

Kisumu: ng'owo, ober (*Albizia coriaria*), siala (*Markhamia lutea*), na orembe (*Erythrina abyssinica*) ambayo hutoa maua mekundu wakati wa kiangazi, mara nyingi ikiwa haina majani, na chozi, ndege wadogo wanyonyao maua, huishi juu yake. Ukingoni pandeni asao (*Sesbania sesban*).

Nakuru: mgunga wa gome la manjano penye maji karibu, mzeituni mwitu, mringaringa, mukinduri (*Croton megalocarpus*). Penye nafasi ndogo, mshubiri hutosha kuwalisha chozi.

Chimbeni shimo la sentimita 45 kila upande, mkitenga udongo wa juu, ambao ndio urudi chini pamoja na samadi. Pandeni mvua zikiwa zimeshika, si siku ya wingu la kwanza. Zungushieni miiba siku hiyo hiyo. Mbuzi hawangoji mkutano. Mkuyu ukae angalau mita 15 kutoka nyumba, tangi la maji taka na bomba.

Epukeni mkalitusi karibu na maji na lantana popote. Ndege hula matunda ya lantana, lakini hueneza mbegu zake hadi zikasonga mimea mingine yote. Masanduku ya viota nayo yasiwalie pesa zenu: chozi, kwera na shore hujijengea wenyewe.

## Hatua ya 6: Maji ya kunywa na kuoga

Finyangeni birika la saruji, sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga, upana wa nusu mita, kina cha sentimita 3 pembeni na 5 katikati. Liacheni na mikwaruzo ili miguu isiteleze. Lijazeni maji na kuyamwaga kwa wiki moja ili chokaa ya saruji itoke.

Liwekeni mita mbili au tatu kutoka kichaka: karibu vya kutosha ndege akimbilie, mbali vya kutosha paka asirukie. Mwageni maji yote na kusugua kila baada ya siku mbili. Huku kwetu malaria ipo, na mbu huhitaji takriban wiki moja majini kutoka yai hadi kuruka. Kama hakuna wa kumwaga, msijenge birika.

Msiweke mkate wala ugali kando. Huvuta kunguru, na kunguru hula mayai ya wengine.

## Hatua ya 7: Ingizeni kazi yenu kwenye bajeti

Miji yote miwili ina bodi chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na kaunti hulazimika kusikiliza wananchi kabla ya kupanga matumizi. Tatizo ni kwamba vikundi hufika wakati bajeti imeshapita. Kumbukeni tarehe tatu: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ombi lenu lifike wiki kadhaa kabla ya kila moja.

Andikeni ukurasa mmoja. Msiombe "uhifadhi wa ndege". Ombeni vitu vitatu vinavyotekelezeka, kwa mfano: wapogoaji wa kaunti wakague viota kabla ya kukata, miti yenye namba iingizwe kwenye ramani ya jiji, na takataka za mtaro fulani zizolewe kila wiki. Ambatisheni ramani, hesabu za miezi na picha. Pelekeni nakala kwa mwakilishi wadi, mpigiwe muhuri wa kupokelewa.

Msiahidi heroe (flamingo) katika barua hiyo. Idadi yao Ziwa Nakuru hutegemea chumvi ya maji na mwani wanaokula. Maji yalipopanda katika miaka ya 2010 chumvi ilipungua, mwani ukapungua, na wengi wao wakaenda kwingine kama Bogoria. Hakuna mtaa unaoweza kulirekebisha hilo kwa miche. Ahidini mnachoweza kupima: viota vilivyofika mwisho bila kuvunjwa, aina za ndege katika njia yenu ikilinganishwa na mwezi ule ule mwaka uliopita, kilo za nyuzi zilizotoka kwenye pipa la ufuoni, na miti yenye namba ambayo bado imesimama.